Nilipie antivirusi ipi kwa kompyuta ya nyumbani? Jibu kwa mwalimu wa Wete

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari, naishi Wete. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani tuliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye Windows 10, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kawaida ya kuzunguka. Mimi naitumia kutayarishia mitihani na kuwekea matokeo ya wanafunzi, mume wangu anaweka hesabu za karafuu, na watoto wetu wawili wanafanyia kazi za skuli na mara nyengine wanacheza michezo. Intaneti tunaipata kwa hotspoti ya simu, bando likiwepo. Mwezi uliopita flashi yangu ilirudi kutoka duka la steshenari nilikokwenda kuchapisha mtihani, na mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Fundi mmoja anasema kinga iliyomo ndani ya Windows inatosha. Mwengine anasema haina maana, ninunue antivirusi ya kulipia. Mjini Unguja kuna muuzaji mwenye boksi la mwaka mmoja, na mwengine anauza namba ya leseni peke yake kwa bei ya chini mno. Nilipie ipi? Na simu zetu nazo zinahitaji?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Wengi wanaoniandikia huuliza tu antivirusi ipi ni bora, na hapo huwa sina la kuwajibu mpaka niwaulize mambo mengine. Wewe umeshayaeleza: intaneti mnavyoipata, kompyuta ilivyo, na flashi inakopita. Hayo ndiyo yanayoamua. Kwa hali yenu naona inafaa mlipie, lakini si kwa sababu aliyokupa fundi wa pili, na antivirusi isiwe kitu cha kwanza kutolewa fedha.

Niwatendee haki mafundi wote wawili. Kinga iliyomo ndani ya Windows inaitwa Microsoft Defender, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 imekuwa antivirusi kamili inayokuja pamoja na mfumo bila ya malipo. Katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa dhaifu kweli, na fundi anayesema haina maana anakumbuka sifa ya wakati ule. Leo mambo ni mengine. Taasisi ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hupima antivirusi za nyumbani mara kwa mara kwa mambo matatu, yaani uwezo wa kukinga, uzito unaoongezwa kwenye kompyuta, na usumbufu kwa mtumiaji kama vile kushuku faili safi. Kila jambo lina alama 6, jumla 18, na kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata alama zote au pungufu kidogo tu. Kwa mtu anayeishi na intaneti ya kudumu, mwenye Windows halali iliyosasishwa, asiyepakua ovyo, fundi wa kwanza amesema kweli na hakuna haja ya kutoa hata shilingi.

Lakini wewe huishi na intaneti ya kudumu, na hapa ndipo ninapotengana naye.

Antivirusi ya siku hizi haifanyi kazi kwa kulinganisha faili na orodha ya virusi vinavyojulikana peke yake. Ikikutana na faili isiyoijua, huuliza makao makuu ya kampuni kupitia intaneti: faili hii imeonekana wapi, na watu wangapi, na inafanana na nini? Jibu hurudi kwa muda mfupi sana, na mara nyingi jibu hilo ndilo linaloukamata uovu mpya uliotengenezwa wiki hiyo hiyo. Intaneti isipokuwepo, antivirusi hubaki na kile kilichomo ndani ya kompyuta tu. Taasisi nyengine ya upimaji, AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, katika baadhi ya vipimo vyake huandika uwezo wa kila antivirusi ikiwa imeunganishwa na ikiwa haikuunganishwa. Katika vipimo hivyo Defender hufanya vizuri sana ikiwa na intaneti, na hushuka kwa kiasi cha kuonekana ikiwa haina. Antivirusi nyengine, hasa Bitdefender na zile zinazotumia injini yake, hazishuki sana, kwa sababu hubeba ndani ya kompyuta sehemu kubwa ya maarifa yake.

Sasa fikiria usiku wa Jumapili hapo kwenu: bando limekwisha, mtihani unatakiwa kesho asubuhi, na flashi iliyotoka dukani inachomekwa. Hiyo ndiyo saa ambayo Defender iko peke yake, na ndiyo saa ambayo hatari inaingia. Ningekuwa namjibu mtu wa mjini mwenye intaneti ya waya ofisini na nyumbani, ningeandika jibu jengine kabisa.

Kuhusu flashi yako, mafaili hayakufutwa, na ikiwa bado hujaifomati unaweza kuyapata. Kirusi cha aina hii huipa kila folda sifa ya kufichwa na sifa ya kuwa mali ya mfumo, kisha hutengeneza njia ya mkato yenye jina lile lile na picha ile ile ya folda. Ukiibofya, huendesha kwanza programu ndogo iliyojificha ndani ya flashi, halafu hukufungulia folda yako ya kweli ili usishuku chochote. Kwa njia hiyo kompyuta inakuwa imeshaambukizwa, na kila flashi itakayochomekwa baadaye itafanyiwa vivyo hivyo. Ili kuyarudisha mafolda, fungua dirisha la amri la Windows (Command Prompt), na kama flashi imepewa herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha bonyeza Enter na usubiri. Mafolda ya kweli yatajitokeza. Usibofye njia ya mkato hata moja. Zifute zote, pamoja na faili yoyote ngeni inayoishia na vbs, js au exe ambayo hukuiweka wewe, halafu kagua flashi na kompyuta nzima. Defender ina ukaguzi maalumu unaofanyika kabla ya Windows kuwaka, unaochukua kama dakika 15, nao unafaa zaidi hapa kwa sababu kirusi kinakuwa hakijapata nafasi ya kujificha.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, niruhusu niguse jambo lililo pembeni kidogo. Mtihani uliopelekwa dukani kwa flashi mara nyingi hubaki kwenye kompyuta ya duka, kwa sababu mhudumu huunakili kwanza ndipo auchapishe. Antivirusi haina la kufanya hapo. Peleka faili ya PDF peke yake, kwenye flashi isiyo na kitu chengine, simama mpaka nakala ifutwe pamoja na iliyomo kwenye pipa la taka, na ukirudi nyumbani ifomati flashi hiyo kabla ya kuitumia tena. Kama skuli yenu ina printa, hata ikiwa ya zamani na ya polepole, mtihani ungechapishwa huko huko.

Tuje kwenye fedha. Jambo la kwanza ni Windows yenyewe. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Antivirusi hukamata programu mbaya. Haizibi tundu lililomo ndani ya mfumo, na mwaka 2017 ulilionesha hilo waziwazi. Mwezi Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja katika sehemu ya Windows inayoshirikisha mafaili baina ya kompyuta. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu lile lile na kusambaa katika nchi nyingi kwa siku moja, kikafunga mafaili na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Waliokuwa wameweka kiraka cha Machi hakikuwapata kwa njia hiyo, hata wale ambao antivirusi zao zilikuwa bado hazikijui.

Kwa hiyo ingia katika sehemu ya masasisho ya Windows na utazame kama kompyuta yako inaalikwa kujiunga na masasisho ya ziada ya usalama. Kwa watumiaji wa nyumbani mpango huo unafika hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na unaweza kujiunga kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kupitia akaunti ya Microsoft bila ya malipo au kwa kulipa dola 30 mara moja. Sharti lake ni kuwa Windows 10 iwe toleo la 22H2. Kuhamia Windows 11 ni bora zaidi, lakini inahitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha nane na kuendelea, yaani iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazoletwa kwetu ni za kabla ya hapo. Na utasikia watu wakisema kuwa Defender itaendelea kupata taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Ni kweli, lakini hizo ni taarifa za kutambua virusi. Viraka vya matundu ni jambo jengine, na mtu asikuchanganyie mambo haya mawili.

Kuna suala linalokwenda pamoja na hili, nalo ni namna Windows yenu ilivyowekwa. Kompyuta iliyotumika mara nyingi huuzwa ikiwa imeshawekewa mfumo na fundi, na leseni ikiwa imefunguliwa kwa programu ya kuidanganya. Programu hizo zinazoitwa kraki, pamoja na michezo na programu za ofisi zilizofunguliwa kwa njia hiyo, zina maagizo yanayofanana: zima antivirusi kwanza, ndipo uendeshe. Mtu anazima, anaendesha, na hakuna tena kitu kinachotazama kilichoingia. Ukoo wa virusi unaojulikana kwa jina la STOP au Djvu umewafungia mafaili watumiaji wengi mno wa nyumbani duniani, na njia yake kubwa ya kuingia imekuwa hizo hizo kraki. Kwa baadhi ya matoleo yake ya zamani kuna chombo cha bure cha kufungulia. Kwa mengi hakuna, na picha za harusi na matokeo ya miaka mitatu yanakuwa yamekwenda. Hakuna antivirusi, iwe ya bure au ya bei ya juu kabisa, inayoweza kumkinga mtu aliyeizima kwa mkono wake. Zungumza na watoto kuhusu hili kabla hujanunua chochote, na uwafungulie akaunti yao ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Hilo halina gharama, na kwa maoni yangu linazuia mengi kuliko tofauti iliyopo baina ya antivirusi ya kwanza na ya tano katika orodha yoyote ya ubora.

Jambo la pili la kutolea fedha ni diski ya nje. Nunua moja, unakili hesabu za karafuu, matokeo na picha kila wiki, kisha uichomoe na uiweke kabatini. Kuichomoa ndiko kunakoifanya iwe kinga, kwa sababu virusi vinavyodai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imeunganishwa. Ikiwa fedha mliyonayo inatosha diski au antivirusi, na si vyote viwili, chukua diski.

Baada ya hayo, tuchague. Sina uhusiano wa biashara na kampuni yoyote nitakayoitaja.

Kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, uzito ni jambo la kweli, wala si la kupambia matangazo. Antivirusi nzito itaifanya ichukue muda mrefu kuwaka, na mwishowe mtu wa nyumbani ataizima ili amalize kazi yake. ESET, kampuni ya Bratislava, Slovakia, imejulikana kwa miaka mingi kwa wepesi, na antivirusi yake ya msingi iliyobeba jina la NOD32 inafaa kompyuta za umri kama wa yenu. Bitdefender ya Bucharest, Romania, iko juu sana katika kukinga, ikiwa na intaneti na ikiwa haina, lakini inakula kumbukumbu zaidi. Kwa hali mliyonayo mimi ningeanza na ESET, na ningehamia Bitdefender siku mtakapoongeza kumbukumbu ikafika gigabaiti 8 au kubadilisha diski ikawa ya SSD, yaani ile isiyozunguka. Badiliko hilo la diski, nikiwa nimefika hapo, litaihuisha kompyuta hiyo kwa namna ambayo hamtaamini ni ile ile.

Usinisadiki kwa maneno tu. Kampuni zote mbili hutoa majaribio ya siku 30 bila ya malipo. Weka moja, ufanye kazi zako za kila siku, utazame kompyuta inavyowaka, faili kubwa la matokeo linavyofunguka na flashi inavyonakili. Ikikukera, iondoe ujaribu ya pili. Maabara za Ulaya haziwezi kukupimia kompyuta yako.

Katika maduka yetu utaikuta zaidi Kaspersky, na nadhani ndiyo iliyomo katika boksi uliloambiwa. Uwezo wake wa kukamata virusi haujawahi kuwa na shaka katika vipimo. Hata hivyo, ni kampuni yenye makao yake Moscow, na mwezi Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake nchini humo kwa hoja ya usalama wa taifa, na masasisho yake kwa watumiaji wa huko yakafikia kikomo mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Kampuni ilizikanusha tuhuma hizo. Marufuku hiyo ni ya Marekani na haikugusi wewe Wete, na kwa hesabu za karafuu za nyumba moja sioni kuwa ndilo suala zito. Ninachokizingatia mimi ni kwamba antivirusi ni programu yenye ruhusa ya kusoma kila faili, na pakiwa na mbili zinazokaribiana kwa uwezo, mimi huchagua ile isiyo na mgogoro juu yake.

Kwa hoja hiyo hiyo niseme neno juu ya zile za bure ambazo fundi anaweza kukushauri badala ya kulipa. Mwezi Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni ya Avast italipa dola milioni 16.5, baada ya kudaiwa kuwa ilikusanya taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Avast leo iko chini ya Gen Digital, ambayo pia inamiliki Norton, AVG na Avira, hivyo majina manne unayoyaona dukani kama washindani yanakwenda kwa mwenyewe mmoja. Ukiwa hutaki kulipa, baki na Defender. Sioni faida ya kuiondoa ili uweke nyengine ya bure itakayokuletea matangazo kila jioni.

Kila kampuni itajaribu kukupandisha daraja, kutoka antivirusi ya msingi hadi kifurushi chenye VPN (njia iliyofichwa ya kupitishia intaneti), kihifadhi cha maneno ya siri, kisafishaji cha kompyuta na ulinzi wa utambulisho. Nunua ya msingi. VPN inayokuja na Bitdefender ya kawaida imewekewa kikomo cha megabaiti 200 kwa siku, kiasi ambacho video moja hukimaliza. Ulinzi wa utambulisho umejengwa zaidi kwa mabenki na mifumo ya mikopo ya Marekani na Ulaya. Visafishaji havina faida inayoonekana katika Windows ya leo. Udhibiti wa watoto unapatikana bure katika huduma ya familia ya Microsoft. Kifurushi cha vifaa vitatu au vitano kina maana pale tu ambapo kweli mna kompyuta tatu au tano.

Sasa ile namba ya leseni ya bei ya chini, na hapa nakusihi uwe makini. Namba hizo kwa kawaida ni za namna tatu: leseni ya ofisi au taasisi iliyokatwa vipande na kuuzwa kwa watu wengi, leseni ya nchi nyengine isiyoruhusiwa kutumika hapa, au leseni ya majaribio iliyofunguliwa upya. Zote huanza vizuri. Siku ya kwanza dirisha huwa kijani, muuzaji anaonesha tarehe ya mwakani, na unaondoka umeridhika. Kisha kampuni hugundua kuwa namba moja inatumika kwenye kompyuta nyingi kuliko ilivyoruhusiwa, na huifunga bila ya kukutafuta wewe. Antivirusi hubaki imekaa, haisasishwi tena, na mwenye nyumba anaamini amekingwa. Mtu wa namna hiyo yuko pabaya kuliko asiyenunua kabisa.

Boksi nalo likaguliwe kabla hujatoa fedha. Tazama idadi ya vifaa, tarehe ya mwisho ya kuanza kuitumia leseni, na eneo la dunia inakoruhusiwa. Leseni za Kaspersky, kwa mfano, hufungwa kwa maeneo, na boksi lililoletwa kutoka nchi ya mbali linaweza kukataa kufunguka Pemba. Sehemu ya namba iwe imefunikwa na haijakwaruzwa. Muda wa leseni huanza kuhesabiwa siku unapoifungua kwenye kompyuta, kwa hiyo mkatae fundi anayetaka kuifungua dukani kwake “kwa majaribio”. Na hili ndilo ninaloliona likiwaumiza watu zaidi: leseni isajiliwe kwa barua pepe yako wewe. Fundi akiisajili kwa anwani yake, kwa kampuni yeye ndiye mwenye leseni, na siku mtakapobadilisha kompyuta au yeye atakapohama utakuwa huna njia ya kuihamisha.

Ukinunua moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni, kwa kadi ya benki au kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu, hakuna shaka ya uhalali, lakini kuna jambo jengine. Bei ya punguzo unayoiona imeandikwa kwa maandishi makubwa ni ya mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili hukatwa bei kamili, ambayo inaweza kufika maradufu, na hukatwa yenyewe kwa sababu kujirudia kwa malipo huwa kumewashwa tangu siku ya ununuzi. Ingia kwenye akaunti yako siku hiyo hiyo na ukizime.

Wakati wa kuiweka, ondoa kwanza antivirusi nyengine yoyote iliyomo, na kama haiondoki vizuri, kila kampuni ina chombo chake cha kuiondolea. Antivirusi mbili kwenye kompyuta moja hushukuana na kugombania faili moja mpaka kompyuta ikaganda. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Defender huna haja ya kuigusa, kwani hujiweka pembeni yenyewe inapoona mwenziwe ameingia. Upakuaji wa mwanzo unaweza kuwa wa mamia ya megabaiti, kwa hiyo ufanye skuli au kwa jamaa mwenye Wi-Fi. Masasisho ya kila siku baada ya hapo huwa madogo. Lakini angalia jambo hili: Windows ikiitambua hotspoti ya simu kuwa ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, huweza kuahirisha masasisho ili kukuokolea bando, na antivirusi nyengine nazo zina mpangilio kama huo. Jizoeshe kuwasha hotspoti japo dakika chache kila siku na kubonyeza kitufe cha kusasisha mwenyewe, na ifanye kazi hiyo kabla ya kuchomeka flashi, si baada yake. Mpaka hapo utakaponunua, Microsoft hutoa faili ya taarifa za Defender inayoweza kupakuliwa kwengine na kuletwa nyumbani kwa flashi safi. Ina zaidi ya megabaiti 100.

Ukishamaliza, ihakikishe. Kuna faili ya majaribio inayoitwa EICAR, maandishi ya herufi na alama 68 tu, isiyo na madhara yoyote, ambayo watengenezaji wa antivirusi wamekubaliana kuichukulia kama kirusi. Ipakue kutoka tovuti ya eicar.org. Antivirusi iliyo hai itaizuia hapo hapo na kukupa onyo. Ikiwa faili imekaa kimya kwenye kompyuta kana kwamba hakuna kilichotokea, ulichonunua hakifanyi kazi, hata dirisha lake liwe kijani kiasi gani. Ukinunua kwa muuzaji, mwambie ulifanye jaribio hili mbele yake.

Simu zenu, ikiwa ni za Android, hazihitaji antivirusi ya kulipia. Zina ulinzi wa Google Play Protect ndani yake. Hakikisheni umewashwa, msasishe simu, na msiweke programu inayotumwa na mtu kwa WhatsApp hata akiwa ni jamaa, kwa sababu simu yake yeye inaweza kuwa imeshatekwa. Kwa iPhone hakuna antivirusi inayoweza kukagua programu nyengine, kwa kuwa mfumo hauruhusu. Hatari kubwa ya simu hapa kwetu ni ujumbe wa utapeli wa fedha, nao hupelekwa kwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kupitia namba 15040.

Mwisho ni mwaka utakapokaribia kumalizika. Wiki mbili kabla ya tarehe, amueni kama mnaendelea. Kama mnaendelea, linganisha bei ya kuongeza muda na bei ya leseni mpya dukani, kwani mara nyingi mpya huwa nafuu. Kama hamuendelei, usiiache antivirusi iliyokwisha muda ikikaa. Iondoe kabisa, uiwashe upya kompyuta, kisha ufungue Windows Security uone kuwa Defender imerudi kazini na taarifa zake ni za siku hiyo.